Kabla ya kusema mtandao ni mbovu, tupe saa na dakika

Wiki hizi simu nyingi zinazoingia kitengo chetu cha TEHAMA hapa Mwanza zina neno lile lile: mtandao wenu ni mbovu. Tunaamini kila anayepiga amekwama kweli. Ila mtandao si kitu kimoja, na sasa tunao uwezo wa kuonyesha nani anamchelewesha nani. Ndiyo maana tumeanza kuhifadhi takwimu za kila muunganisho kutoka ndani ya kiini (kernel, sehemu ya ndani kabisa) cha mfumo endeshi wa seva yetu.

TCP, yaani utaratibu ambao kompyuta hutumia kutumiana data mtandaoni, haiwezi kufanya kazi bila kuhesabu: pakiti (vipande vya data) zilizorudiwa kutumwa, milisekunde za kwenda na kurudi, nafasi aliyobakiza mpokeaji. Kwa miaka mingi hesabu hizo zilibaki ndani ya kiini, na programu iliona tu kwamba kazi inasuasua. Mradi wa Web100 wa Marekani, uliokuwa ukifanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliweka kiraka (nyongeza ya programu) kwenye kiini cha mfumo endeshi wa Linux ili kuzitoa nje, muunganisho mmoja mmoja. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa waraka wa viwango vya intaneti uitwao RFC 4898 wa mwaka 2007. Mwaka 2017, Linux 4.10 ilikuja na vipimo vitatu tunavyovitegemea: muda ambao seva ilikuwa na data ya kutuma, muda iliomsubiri mpokeaji, na muda iliosubiri bafa (hifadhi ya muda ya data) yake yenyewe.

Mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, alikuwa akipakua nyaraka zake za mzigo kutoka seva yetu, ambayo iko Ulaya. Alikuwa ameshapandisha kifurushi mara mbili. Tulipofungua takwimu za muunganisho wake, pakiti zilizorudiwa zilikuwa chache mno, lakini karibu muda wote seva ilikuwa ikiisubiri kompyuta yake. Fundi alikuwa amemwekea programu ya "kuongeza kasi ya intaneti", nayo ikazima upanuzi wa dirisha la TCP, yaani kiasi cha data ambacho mpokeaji anakubali kabla ya kutoa jibu. Bila upanuzi huo, mpokeaji hawezi kutangaza zaidi ya baiti 65,535 kwa mkupuo. Safari ya kwenda na kurudi ikiwa milisekunde 200, unapata takriban megabiti 2.6 kwa sekunde, hata ukinunua kifurushi cha megabiti 50. Tuliiondoa programu ile na nyaraka zikashuka palepale.

Tafadhalini, acheni kuziweka programu hizo. Tumelisema hili mara nyingi.

Wapo wanaodai kwamba tunasoma ujumbe wao. Hapana. Kiini kinatoa anwani za mtandao, namba za bandari (port, milango ya muunganisho), muda na idadi. Yaliyomo hayamo humo. Hata hivyo anwani inaweza kumtambulisha mtu, kwa hiyo tunaowajibika kuziona ni wachache, na kila anayefungua kumbukumbu anaandikwa. Mtumishi au fundi atakayeingia kwenye seva bila idhini, hata kama anataka "kuangalia tu kasi", anakabiliwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015: faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili.

Pakiti zinazorudiwa zikiwa nyingi, uwezekano ni mkubwa kwamba tatizo liko njiani. Hapo anza kwa mtoa huduma wako na uombe namba ya lalamiko. Asipokutatulia, peleka lalamiko hilo TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania) ukiwa na namba hiyo. Usiruke hatua, utarudishwa. Tukiombwa tutakuandikia takwimu za muunganisho wako uziambatanishe.

Unapotupigia, tutajie siku, saa na dakika uliyokwama, ulikuwa ukipakua au ukituma, na kama ulitumia simu au kompyuta. Ndani ya saa moja tu ya jioni tuna maelfu ya miunganisho kwenye kumbukumbu. Ukituambia "jana jioni" hatutaupata wako.