Miaka 70 si sababu ya kunyang'anywa leseni

Gari likijikokota Thika Road, hukosi kusikia ndani ya matatu: "Huyo ni mzee, apokonywe leseni." Wengi huamini uzee wenyewe ndio hatari. Marekani, kwa kila maili inayoendeshwa, madereva wa miaka 16 hadi 19 huhusika katika ajali za vifo karibu mara tatu kuliko wa miaka 20 na zaidi. Wazee sana nao hufa kwa wingi, lakini sababu moja kubwa ni mwili: kishindo kinachomwachia kijana michubuko humvunja mzee mbavu.

Cha kuangaliwa ni macho. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi tu ya mwanga unaolifikia jicho la kijana wa miaka 20. Ndiyo maana mzee anayeendesha vizuri asubuhi anaweza kumkosa kabisa bodaboda asiye na taa pale Roysambu saa mbili usiku. Glakoma nayo, ugonjwa wa macho, hula uoni wa pembeni kwanza, polepole, bila maumivu. Mtu atasoma herufi zote ukutani (na kujisifu) huku haoni anayevuka kutoka kushoto.

Uingereza, ukifika 70 unahuisha leseni kila miaka 3, kwa kujieleza mwenyewe kuhusu afya yako. Japani humpima dereva wa miaka 75 na zaidi kumbukumbu na ufahamu. Mimi niko na Japani: dereva apimwe, macho yakiwemo; glakoma haijielezi kwenye fomu. Na kama tatizo ni giza, mzee aachiwe leseni ya mchana.