Wema wa biashara hauanzi kwenye kapu la sadaka

Wiki iliyopita, mwishoni mwa semina niliyokuwa nikiwafundisha wafanyabiashara Wakristo, mshiriki mmoja alisimama kutoa shukrani, akamalizia kwa kauli ambayo nimeisikia mara nyingi mno kiasi kwamba siwezi tena kuiacha ipite: "Mwalimu, sisi wengine hatukuitwa kuhubiri. Sisi tunatafuta fedha huko duniani, tunamletea Mungu fungu lake la kumi, naye anaitakasa iliyobaki." Watu walipiga makofi. Nilirudi nyumbani nimeudhika, kwa kuwa kwa saa tatu nilikuwa nimefundisha kinyume cha hayo, na bado hayo ndiyo waliyoondoka nayo.

Kauli hiyo ina sura ya unyenyekevu, lakini imebeba madai mawili ninayoyakataa: kwamba biashara yenyewe haina wema wowote mbele za Mungu, na kwamba wema huo huletwa baadaye na sadaka.

Hoja zinazoletwa kwanza kuitetea biashara nazipita haraka. Paulo hakumwandikia Timotheo kwamba fedha ni shina la mabaya, bali kwamba "shina moja la mabaya ya kila namna ni kupenda fedha". Lidia wa Thiatira, muuza rangi ya zambarau, alibatizwa na nyumba yake yote, wala hatusomi popote kwamba alitakiwa kuacha kuuza. Paulo mwenyewe alishona mahema pamoja na Akila na Prisila kule Korintho. Mfano wa mafungu ya fedha siutumii kama ushahidi, ingawa bwana yule katika Luka 19 anasema wazi, "Fanyeni biashara hata nitakapokuja." Mfano ule unahusu uaminifu wa wanaongoja, na anayeujengea juu yake mafundisho yote ya uchumi anautwika mzigo usio wake.

Linaloniudhi hasa ni hili la fedha kutakaswa na sadaka, na hapo nitakaa. Torati inakataza waziwazi, katika Kumbukumbu la Torati 23, ujira wa kahaba usiletwe katika nyumba ya Bwana kuwa nadhiri. Maana yake ni kwamba fedha huingia hekaluni pamoja na historia yake, na madhabahu haiifuti historia hiyo. Kisha msomeni Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, polepole, kwa sababu karibu kila mhubiri humsoma kwa haraka. Zakayo alitamka mambo mawili na hakuyachanganya: nusu ya mali yake aliwapa maskini, na kila aliyemnyang'anya kitu kwa hila alimrudishia mara nne. La kwanza ni sadaka, la pili ni deni. Kama sadaka ingetosha kulipa deni, jambo la pili lisingekuwa na haja, na wale aliowadhulumu wangebaki wakitazama mali yao ikigawiwa watu wengine kwa jina la ukarimu. Mfanyabiashara anayepunja mizani kisha akatoa fungu la kumi amemletea Mungu sehemu ya mali ya wateja wake, na Mithali inasema kwamba mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana bila kuuliza kilichopimwa kwa mizani hiyo kilikwenda wapi. Yakobo naye, katika waraka wake, anasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele. Hasemi kwamba kelele hizo hunyamaza matoleo yakiwa makubwa.

Madhara ya imani hii nayaona kazini kwangu. Mchungaji anayeiamini humuuliza muumini ametoa kiasi gani, wala hamuulizi aliwalipa lini wafanyakazi wake. Muumini naye, akiwa mwaminifu kabisa, hafikirii kwamba bei aliyoitaja asubuhi kwa mjane asiyejua bei za soko ilikuwa jambo la kiroho.

Sasa, wema wa biashara uko wapi? Uko katika tendo lenyewe la kuuza na kununua kwa haki. Fundi anayeuza kiti kisichovunjika amempenda jirani yake, na upendo huo umo katika kiungo cha mguu wa kiti, kabla ya senti moja kufika kanisani. Anayesafirisha nafaka kutoka palipojaa kwenda palipopungua amebeba gharama, hatari na usumbufu ili mtu asiyemjua apate kula. Augustino, askofu na mwalimu wa Kanisa la kale, aliliona hili mapema. Katika maelezo yake juu ya Zaburi anampa nafasi mfanyabiashara ajitetee, naye anajitetea vizuri: naleta bidhaa kutoka mbali, nataka ujira wa taabu yangu, na nikisema uongo juu ya bei, kosa ni langu na si la kazi yangu.

Kwa nini basi shaka juu ya biashara imedumu? Sehemu ya sababu ni maandishi. Karne nyingi Wakristo wa Magharibi walisoma, hata katika mkusanyo wa sheria za Kanisa unaoitwa kwa jina la Gratian, mwanasheria wa Kanisa wa karne ya kumi na mbili, kwamba mfanyabiashara ni vigumu sana, au haiwezekani, ampendeze Mungu. Maneno hayo yalidhaniwa kuwa ya Yohane Krisostomo, mhubiri mashuhuri wa Kanisa la kale, lakini yanatoka katika ufafanuzi wa Injili ya Mathayo ulioandikwa na mtu mwingine asiyejulikana jina.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo vitabu vya kufundishia hulipaka chokaa. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa karne ya kumi na tatu ambaye wengi wetu humtaja kama mtetezi wa biashara, hakubaliani nami kikamilifu. Anasema kwamba biashara ikitazamwa peke yake ina aibu fulani, kwa kuwa kwa asili yake haibebi lengo la heshima. Faida si uovu wala si wema, na huwa halali ikielekezwa kwenye lengo jema. Mshiriki wangu wa semina angeweza kumnukuu dhidi yangu, kwa sababu kuwasaidia maskini ni mojawapo ya malengo ambayo Thomas anayataja. Lakini anataja pia riziki ya nyumba, na kuhakikisha nchi haikosi mahitaji, na faida inayotafutwa kama ujira wa kazi. Hayo yote yamo ndani ya biashara yenyewe. Naamini nimemwelewa sawasawa, ingawa najua ninamsukuma kidogo mbele ya pale aliposimama.

Kuhusu faida yenyewe nasema kwa ufupi. Papa Yohane Paulo II aliandika mwaka 1991 kwamba faida ina nafasi yake halali kama ishara kuwa shughuli inakwenda vizuri, lakini hesabu zaweza kuwa sawa huku watu wa kampuni wakidhalilishwa. Martin Luther, kiongozi wa Matengenezo ya Kanisa, mwaka 1524 aliishambulia kanuni ya wafanyabiashara ya kuuza kwa bei ya juu kadiri mtu awezavyo. Wote wawili wanauliza swali lilelile, la namna faida ilivyopatikana.

Shaka yangu kubwa iko kwingine. Thomas anauliza juu ya mfanyabiashara anayefika na nafaka mahali penye upungufu, akijua kwamba wenzake wako njiani na shehena nyingine. Je, awaambie wanunuzi? Anajibu kwamba haki haimlazimishi kuwaambia, ingawa akisema, au akipunguza bei, atakuwa na fadhila kubwa zaidi. Kwa miaka mingi nilifundisha jibu hilo bila wasiwasi. Siku hizi nasita, kwa sababu kama wema wa biashara umo katika kumtumikia mnunuzi, sioni vizuri ni huduma gani ninayompa mtu ninayemwacha atoe akiba yake yote leo kwa kitu ninachojua kitashuka bei kesho. Hata hivyo, nikimlazimisha muuzaji aseme kila anachojua, huenda hakuna atakayejitia taabuni kuwahi kufika. Nimewahi kuwauliza wafanyabiashara wenyewe, na wazee kati yao, wale walioishi na wateja walewale kwa miongo, karibu wote husema wangewaambia wanunuzi. Wanafunzi wangu wa teolojia ndio husema wangenyamaza.