Ukivimba, Tazama Saa Kwanza

Binamu yangu alipakwa piko, ile hina nyeusi, Eastleigh Ijumaa alasiri, tukaenda harusi kesho yake. Jumapili usiku mikono ikaanza kumwasha, na kulipokucha yale maua aliyochorwa yalikuwa yametoka malengelenge, jani kwa jani. Shangazi akakata shauri: ni wale kamba wa kwenye biriani. Wangekuwa kamba, angevimba kabla sahani hazijaoshwa.

Hiyo ndiyo dhana tunayoshinda nayo, kwamba aleji, yaani mzio, ni kitu kimoja na huja papo hapo. Mwaka 1963 wanasayansi wa kinga Philip Gell na Robin Coombs waliigawa mizio katika aina 4 kufuata silaha ambayo kinga ya mwili inaitumia, na mgawo huo unafundishwa mpaka leo. Mimi si daktari. Huanza kwa kuuliza ilianza lini.

Aina ya kwanza ni ya dakika. Kingamwili za IgE, protini ambazo mwili hutengeneza kunasa adui, hukaa juu ya seli zilizojaa histamini, zikivizia. Karanga au sumu ya nyuki ikipita, histamini humwagika: chafya, pumu, vipele, au koo kubana na presha kuporomoka. Hapo ndipo utasikia, "Mpe Piriton alale." Ushauri huo unaweza kuua. Piriton hutuliza mwasho. Koo lililobana na presha iliyoshuka havingoji kidonge. Kinachotakiwa ni sindano ya adrenalini ya paja, upesi, kisha hospitali.

"Lakini mbona alishapaka piko mara nyingi?" Ndiyo hasa. Kinga hukijua kitu kwanza, ikakiwekea kinyongo, ndipo siku nyingine ikashambulia. Hina halisi hutoa wekundu wa kahawia na huchukua saa kadhaa kushika. Ule weusi wa haraka mara nyingi ni rangi ya nywele yenye parafenilenidiamini, ile PPD. Mzio wake ni aina ya nne: kingamwili hazimo, kazi ni ya seli T, askari wa kinga walio kwenye damu, nazo hazina haraka, huchukua siku 2 au 3. Aliyeupata hukaa nao, na hata rangi ya kuficha mvi huko mbele yaweza kumvimbisha uso. Kipimo cha Mantoux cha kifua kikuu hutegemea seli hizohizo, ndiyo maana husomwa baada ya saa 48 hadi 72. Anayeutazama mkono wake wenye piko jioni ileile na kushangilia kwamba hana kitu amejisomea mapema mno.

Si kila upele ni aleji, tena. Nairobi fly, yule mdudu mwekundu na mweusi anayefuata taa baada ya mvua, haumi wala hasababishi mzio. Ukimponda ngozini humwaga pederini, sumu inayochoma ngozi ya yeyote. Mpulize aende, na ukishamponda osha kwa sabuni. Na mijakaranda ya Oktoba inaonewa: chavua yake hubebwa na nyuki. Chafya zako ningezitafuta kwanza kwenye nyasi, ambazo chavua yake hupeperushwa na upepo, na kwenye vumbi la godoro.

"Damu za mume na mke hazipatani, wamerogwa." Hii ni aina ya pili. Rh ni alama iliyo juu ya chembe nyekundu za damu. Mama akiwa hana (Rh hasi) na mtoto akairithi kwa baba (Rh chanya), mwili wa mama unaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto. Wa kwanza kwa kawaida hunusurika. Wanaofuata ndio huumia. Kinga yake ni sindano ya anti-D, kwa kawaida wiki ya 28 ya mimba na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua.

Aina ya tatu ndiyo hupotosha zaidi kwenye saa. Mtoto aliumwa koo, akapona. Wiki 1 hadi 3 baadaye anaamka uso umevimba, mkojo rangi ya strungi, na nyumba nzima inauliza jana alikula nini. Kingamwili na vipande vya bakteria vimeshikana na kukwama kwenye figo. Lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wake yenyewe, nayo huharibu figo kwa njia kama hiyo.

Na dawa za "kuongeza kinga"? Kinga ya binamu yangu haikuwa dhaifu hata kidogo. Daktari wa ngozi alimpa krimu ya steroidi. Desemba, kwenye nikaha ya dadake, alipakwa hina nyekundu, akakaa viganja wazi jioni nzima huku tukimlisha sambusa.