Kinasa cha Traki Nyingi: Usiyoambiwa Dukani

"Chukua chenye traki nyingi zaidi." Hili ndilo utakaloambiwa mwanzo ukienda kununua kinasa cha kurekodia muziki, na ndilo linalowapotezea watu pesa. Traki ni nafasi za kuhifadhia sauti. Idadi ya sauti ambazo kinasa kinapokea kwa wakati mmoja ni jambo jingine kabisa. Tascam DP-008EX ina traki 8, lakini inarekodi 2 tu kwa mpigo. Kwa mtunzi aliye peke yake hilo halina shida: anapiga gitaa, anarudi mwanzo, anasikiliza huku akiongeza besi, kisha anaimba. Lakini mkiwa wanne sebuleni mnatafuta mdundo mpya, kila mmoja na maiki yake, traki hizo 8 haziwafai kitu. Kabla ya kuuliza bei, uliza kina matundu mangapi ya kuingizia sauti, na kama yote yanarekodi kwa pamoja.

Tena traki 4 si chache. Portastudio 144, kinasa cha kaseti kilichotoka mwaka 1979, kilikuwa na 4 tu. Januari 1982 Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, alikitumia nyumbani kwake New Jersey kurekodi nyimbo mpya ili bendi yake izisikie. Walizijaribu studio kwa vyombo vyote, lakini hakuridhika, na mwaka huohuo kilichotolewa kama albamu ya Nebraska ni yale aliyorekodi kwenye kaseti nyumbani. Traki zikijaa, unaziunganisha: tatu zinamiksiwa kuwa moja na nafasi zinapatikana upya. Ila pima besi vizuri kabla ya kuunganisha, maana ikishachanganyika na gitaa huwezi tena kuipunguza peke yake. Zoom R4 ina traki 4, na pembeni imewekewa traki maalumu ya kupokea muunganiko huo.

Wapo pia wanaodhani kila kinasa cha maiki nyingi kinafaa kutungia. Sivyo. Vingine vimeundwa kwa ajili ya mahojiano, filamu au onyesho: vinarekodi maiki 4 kwa usafi mkubwa, lakini havikuruhusu kusikiliza ulichorekodi jana huku ukiongeza sauti ya pili juu yake. Kwa mtunzi hicho ndicho kiini cha kifaa chenyewe. Muuzaji asipoweza kukuonyesha hapo hapo, usinunue.

"Simu inatosha." Kwa kushika melodi moja isipotee, ndiyo, inatosha, na hata programu ya GarageBand kwenye iPhone inapokea traki nyingi bila malipo. Mambo huharibika unapoanza kurundika sauti huku umevaa hedifoni za Bluetooth. Jioni moja niliimba sauti tatu za kiitikio kwa namna hiyo. Niliposikiliza, ya pili ilikuwa nyuma ya ya kwanza, ya tatu nyuma zaidi, kama waimbaji waliokaa vyumba tofauti. Nikadhani nimepoteza mdundo. Kumbe Bluetooth huchelewesha sauti kabla haijafika sikioni, nami nilikuwa nikiufuata wimbo ambao ulikwisha kupita. Hedifoni za waya ziliondoa sehemu kubwa ya tatizo. Kinasa cha traki nyingi kinaliondoa moja kwa moja, kwa sababu unajisikia papo hapo unapoimba.

Kuhusu biti 32 za floti, namna ya kuhifadhi sauti inayobeba ndogo mno na kubwa mno kwa pamoja, husemwa kwamba ukiwa nazo huwezi kuharibu rekodi. Ni kweli zinakuokoa ukisahau kupima sauti: kilichozidi kinashushwa baadaye, kilichofifia kinapandishwa bila kujaa kelele za mkwaruzo. Lakini maiki ikishazidiwa na ngoma iliyo karibu mno, imeharibu sauti kabla haijafika kwenye kinasa. Wala biti hazifuti feni ya darini au jogoo wa jirani. Kwa wazo la wimbo, biti 16 zinatosha kabisa ukipima sauti vizuri, na ni biti hizohizo zilizo kwenye CD.

Jambo moja dogo lilinigharimu wiki nzima. Nilichomeka gitaa la umeme kwenye tundu la kawaida la maiki, likatoa sauti butu, kama limefunikwa blanketi. Nikabadilisha nyuzi, nikabadilisha waya, hali ikawa ileile. Gitaa lisilo na betri ndani linahitaji tundu lake, lililoandikwa Hi-Z au lenye swichi ya picha ya gitaa. Nilipoibonyeza swichi hiyo, gitaa likafunguka.

Wengi huziona maiki zilizomo ndani ya kinasa kuwa pambo. Mimi nazitumia kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu hazihitaji waya wala stendi. Maiki nyingi za kondensa za nje, zile nyeti zinazotumia umeme, zinahitaji volti 48 kutoka kwenye kinasa, nazo hula betri upesi.

Jaribu hivi dukani. Kiwashe kinasa, hesabu kimyakimya mpaka taa nyekundu ya kurekodi iwake, na hesabu pia umebonyeza mara ngapi. Kimoja nilikirudisha kwa sababu kilinidai jina la wimbo kabla hakijanirekodia chochote. Wimbo wenyewe haukuwa na jina bado, na nilipomaliza kuchagua herufi, ule mstari wa pili ulikuwa umeshanitoka.