Je, wajua kompyuta hutungaje muziki usiojirudia?

Kaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, jioni wauza kahawa wawili wanapopita na madele yao, wakigonganisha vikombe. Huyu mkono wake mwepesi, yule anakawia kidogo. Milio hukutana, huachana, hukutana tena, na katikati huzaliwa mapigo ambayo hakuna kati yao aliyeyakusudia.

Mwingereza Brian Eno alitumia njia hiyo hiyo katika Music for Airports, santuri ya mwaka 1978: kanda zenye urefu tofauti, kila moja ikijirudia kivyake. Chukua kanda ya sekunde 17 na nyingine ya 20. Zikianza pamoja, zitaanza tena pamoja baada ya sekunde 340. Ongeza ya tatu, ya sekunde 23, nawe utasubiri sekunde 7,820, zaidi ya saa mbili!

Njia nyingine ni dadu, nayo ni kongwe. Mwaka 1757 Johann Philipp Kirnberger alichapisha Ujerumani mchezo wa kutunga muziki kwa dadu. Mwingine, unaohusishwa na Mozart ingawa haijathibitika kuwa ni wake, una vipande 16. Kwa kila kipande unarusha dadu mbili, na jumla, kuanzia 2 hadi 12, inakuonyesha noti za kupiga.

Mbona hazitoki kelele? Hapa ndipo ninapopapenda. Mombasa ni mji wa malenga Muyaka, na anayejua shairi anaelewa upesi. Pale kina kinapodai “-ni”, weka “pwani”, weka “nyumbani”, weka “moyoni”: maana itageuka, shairi litasimama. Mtunzi wa mchezo naye aliandaa vipande vinavyokubaliana kabla dadu haijarushwa. Bahati huchagua tu ndani ya ua aliojenga yeye.

Katikati ya miaka ya 1950, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, Lejaren Hiller na Leonard Isaacson waliikabidhi kompyuta kazi hiyo. Mashine ilitoa namba za kubahatisha, kila namba ikiwa noti, kisha ikaipima kwa kanuni za muziki. Iliyovunja kanuni ilitupwa, ikatolewa nyingine. Matokeo yake yaliandikiwa ala nne za nyuzi: fidla mbili, viola na selo.

Wewe huhitaji mashine ya chuo kikuu. Rekodi zumari kwenye simu moja na vikombe vya kahawa kwenye nyingine, kwa urefu usiolingana, ziache zijirudie, kisha keti usikilize.