Balbu ya kupimia haikukingi na umeme

Msimu wa korosho ukianza, redio za mababu, zile za valvu (taa za kioo za ndani ya redio za zamani), zinatolewa uvunguni, hapa Mtwara, Mikindani hadi Chikongola, zinaletwa kwa mafundi. Na vijana wanaojifunza wanakuja na balbu zao za kupimia. Kifaa chenyewe nakiunga mkono: holda, soketi, waya, balbu imekaa kwa mfululizo na redio, yaani umeme wa redio unapitia kwenye balbu. Kama ndani kuna shoti, balbu inawaka kwa nguvu zote na transfoma inapona.

Nilichochoka kusikia ni hiki: "Fundi, mimi sipigwi, nimeweka balbu." Nani kakudanganya? Balbu ya wati 60 kwenye volti 230 ikiwaka kabisa inapitisha takriban miliampea 260. Swichi za kumkinga mtu na umeme hutengenezwa zikate kwenye miliampea 30. Hesabu mwenyewe: umeme wa kukuua hautoshi hata kuiwasha hiyo balbu. Utakauka, nayo imezima.

Ubaya zaidi, zipo redio zisizo na transfoma ya umeme. Chasisi yake, lile bati linalobeba vifaa, imeungwa moja kwa moja na waya mmoja wa ukutani. Sasa wewe umechomeka nyaya mbili tupu kwenye soketi, umezibana kwa njiti za kiberiti. Upi umeangukia kwenye tundu la moto, lenye umeme? Hujui, na mkono uko kwenye chasisi. Dawa ni transfoma ya kutenganisha, inayoitenga redio na waya wa ukutani. Huna? Chukua mbili zinazofanana, za volti 230 kwa 24, wati 100 au zaidi, uunge upande wa 24 kwa upande wa 24. Balbu ibaki, lakini kwa kazi yake.

Iwe balbu ya nyuzi, jamani. Ya LED haifai hapa, usiniulize tena.

Wengine huniambia: "Valvu inawaka, basi nzima." Kinachowaka ni hita, waya wa kuipasha moto. Katodi, sehemu inayotoa elektroni, inaweza kuwa imechoka zamani.

Au: "Mita imesema kapasita (kifaa cha kutunza chaji) nzima." Mita yako ina betri ya volti 9, kapasita inafanya kazi kwenye volti 200. Za karatasi, kwa unyevu wetu huu wa pwani, huvuja umeme pale tu zinapopewa volti zake. Ipe volti hizo za DC kupitia rezista ya kilo-ohmu 220 na kitaa cha neoni. Kikimweka mara moja kikazima, sawa. Kikibaki kinawaka au kinapepesa mfululizo, itupe. Kisha uitoe chaji kwa rezista, si kwa bisibisi.