Je, wajua kwa nini mpigaji wa .400 mwezi Aprili hafiki na wastani huo Septemba, msimu unapokaribia kuisha?

Ligi kuu ya besiboli ya Marekani hufunguliwa mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Aprili, na kila mwaka kurasa za michezo hubeba habari ile ile kwa majina mapya: fulani anapiga .400. Namba hiyo, inayosomwa "mia nne", ni wastani wa kupiga. Hesabu mapigo safi yaliyomfikisha mchezaji kituoni, kisha gawanya kwa zamu zake za kupiga. Zamu ambazo mrushaji alikosea mipira minne na mpigaji akapewa kituo bure haziingii kwenye hesabu. Mwenye .300 kwa msimu mzima ni hodari. Mwenye .400 hajaonekana katika ligi mbili zinazounda ligi kuu ya leo, American na National, tangu Ted Williams wa Boston Red Sox mwaka 1941.

Sasa, yule wa Aprili hupotelea wapi? Jibu ambalo wengi wetu tumelibeba kwa miaka ni kwamba alichoka, alivimba kichwa, au warushaji walimsoma wakajua udhaifu wake. Waandishi nao hulipenda jibu hilo kwa sababu lina mhusika na kisa. Lakini mara nyingi hakuna lililompata. Kuna pia jibu la pili, ambalo ni gumu zaidi kung'oa: kwamba bahati ina deni, na aliyepiga sana Aprili lazima apige vibaya Mei ili mizani ikae sawa. Hilo nalo si kweli. Bahati haina daftari la madeni.

Chukua gunia la maharage yaliyochanganywa vizuri, ambamo 27 kati ya kila 100 ni mekundu na mengine meupe. Gunia hilo ni mpigaji mzuri wa kawaida, uwezo wake .270. Chota punje 20. Utarajie nyekundu tano au sita, lakini usishangae zikiwa tatu, wala zikiwa nane. Nane kati ya 20 ni .400 kamili, na ukichota tena na tena utapata nane au zaidi takriban mara moja kati ya saba. Ligi ina timu 30, kila moja na wapigaji tisa katika mchezo. Piga hesabu mwenyewe ni wangapi watakaoonekana mabingwa baada ya juma la kwanza, ilhali gunia la kila mmoja halijabadilika hata punje.

Endelea kuchota hadi zifike 500, yaani karibu msimu mzima. Kwa punje 20, kuyumba kwa kawaida ni pointi kama 100 juu au chini ya .270 (pointi moja ni .001). Kwa 500, ni pointi 20 hivi. Na tazama deni lile lilivyo hewa: mpigaji aliyeanza na 8 kati ya 20 akapiga 130 katika zamu 480 zinazofuata, yaani kiwango chake kile kile, atamaliza na 138 kati ya 500, sawa na .276. Katika zamu hizo 480, kwa jumla, hakuanguka chini ya uwezo wake. Moto wa mwanzo umezimuliwa tu, kama kijiko cha sukari kilichokolea kikombeni kisha kikamiminwa ndooni.

Upande wa pili wa hesabu hiyo ni kasi ya namba kuporomoka. Mwenye mapigo 4 katika zamu 10 ana .400, akikosa zamu nne za mchezo unaofuata, anaamka na .286. Mwenye 150 kati ya 500 akikosa nne zile zile, hutoka .300 kwenda .298.

Mifano haiishi. Tarehe 4 Aprili 1994, Tuffy Rhodes wa Chicago Cubs alipiga mipira mitatu nje ya uzio siku ya ufunguzi, yote dhidi ya Dwight Gooden, mmoja wa warushaji mashuhuri wa zama zake. Alimaliza msimu na minane. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa 16 Aprili 1940, mrushaji Bob Feller wa Cleveland alipowanyima Chicago White Sox pigo safi hata moja katika mchezo wa ufunguzi. Kila mpigaji wa White Sox aliingia na wastani wa .000 na akatoka nao vile vile.

Hii haina maana kwamba warushaji hawajifunzi. Wanajifunza, hasa dhidi ya mchezaji mgeni, na hewa baridi ya Aprili, ambayo ni nzito, hufupisha safari ya mpira. Ila kwa zamu 20 ni vigumu mno kutenganisha hayo na kuyumba kwa kawaida. Baadhi ya vipimo hutulia mapema: kiwango cha kutolewa kwa straiki tatu, yaani nafasi tatu zilizokosewa, huanza kusema jambo baada ya zamu 60 hivi, kwa sababu hakitegemei mpira utaangukia wapi. Hata hapo ni dalili, si hukumu.

Kwa hiyo, ukisoma jedwali la mchezo, lile ambalo mwandishi Henry Chadwick, mzaliwa wa Exeter, Uingereza, anasifiwa kwa kulibuni karne ya 19, anza na safu ya zamu kabla ya safu ya wastani. Ligi yenyewe hufanya hivyo: taji la wastani humtaka mchezaji awe amesimama kupiga walau mara 3.1 kwa kila mchezo wa timu yake, sawa na 502 kwa michezo 162, na hapo hata zile za bure huhesabiwa.

Williams aliingia siku ya mwisho ya msimu wa 1941 akiwa na mapigo 179 katika zamu 448: .39955, ambayo kwenye vitabu ingeandikwa .400. Angeweza kukaa benchi. Alicheza michezo yote miwili huko Philadelphia, akapiga 6 kati ya 8, na wastani ukasogea hadi .406. Kazi hiyo hiyo ingefanyika siku ya ufunguzi, magazeti ya kesho yake yangeandika .750.